Je, Mercedes ni Jina la Gari? Asili na Maana ya Jina Ambalo Wengi Wetu Tunalo Tayari



Katika ziara zetu za kuvisaidia vikundi kupanga makaratasi ya wanachama, huwa tunaulizwa maswali mengi ya majina. Mtoto akipewa jina la Kidawida tu, je, atabatizwa? Mama mwenye majina mawili, lipi liandikwe katika kitabu cha kikundi? Haya tumeyazoea. Lakini safari hii swali limetufikia likiwa na moto kidogo.

Katika kikundi kimoja cha akina mama karibu na Voi, binti wa mwanachama alijifungua msichana, akasema mtoto ataitwa Mercedes. Alilipenda jina hilo kutoka kwa ile michezo ya runinga ya Meksiko, ambayo vijana wetu wameitazama kwa miaka mingi. Nyanya ya mtoto, ambaye jina lake ni Rehema, akakataa. Kwa desturi mjukuu ni wake, na jina ni lake. Halafu mzee mmoja wa jumuiya akaongeza lake: ati jina la gari haliwezi kuingia katika kitabu cha ubatizo, na kama lazima liwe la kizungu, basi mtoto aitwe Mercy kama wenzake. Watu wakagawanyika mara tatu. Mtoto akakaa wiki kadhaa bila jina, na mbaya zaidi, bila kuandikishwa.

Tumeona afadhali tujibu hapa, ili na wengine wafaidike. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba wale watu watatu walikuwa wanagombania kitu kimoja. Mercedes na Mercy ni neno moja lililopita njia mbili. Rehema limetoka mbali nao, lakini maana yao imekutana. Na ndani ya jina hilo mna habari ambayo hata wenye kulibeba hawaijui: habari ya pesa iliyolipwa ili mtu aachiliwe.

GARI LILIMFUATA MSICHANA

Tuanze na gari, maana ndilo linalotusumbua. Hapa Kenya Mercedes ni gari la wakubwa. Tuliwapa hata jina, Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Basi si ajabu mzee akashtuka.

Lakini jina lilikuwepo kwa watu miaka mia nyingi kabla ya gari lolote kuundwa. Mwaka 1889 mfanyabiashara mmoja wa Austria, Emil Jellinek, alipata binti akamwita Mercédès. Jellinek alikuwa anauza magari yaliyotengenezwa na kampuni ya Daimler ya Ujerumani, na alipenda kuyashindanisha. Magari mapya aliyoyaagiza mwaka 1900 akataka yaitwe kwa jina la binti yake. Yakashinda mashindano, yakanunuliwa sana, na mwaka 1902 kampuni ikalisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara. Jina la Benz liliongezwa mwaka 1926, kampuni mbili zilipoungana. Msichana mwenyewe alifariki mwaka 1929 kabla ya kufikisha miaka 40.

Kwa hiyo anayempa mtoto wake jina Mercedes hamwiti kwa jina la gari. Ni gari ndilo lililoitwa kwa jina la mtoto. Na angalieni, Jellinek alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, baba yake akiwa rabi mashuhuri wa Vienna, lakini hakuona vibaya kumpa binti yake jina lililotoka kwa Bikira Maria wa Wahispania. Majina husafiri hivyo. Hayaulizi mlango ni wa dini gani.

KUTOKA UJIRA WA KIBARUA

Sasa twende kwenye neno lenyewe. Kwa Kihispania, merced ni fadhili, neema, hisani. Mercedes ni wingi wake, yaani fadhili nyingi. Hapo zamani Mhispania akisema na mtu wa heshima alimwita "fadhili yako", vuestra merced, kama sisi tunavyosema mheshimiwa. Maneno hayo mawili yakafupishwa na ndimi za watu mpaka yakawa usted, ambalo leo ndilo neno la kawaida la kumwambia mtu "wewe" kwa adabu. Kila siku Mhispania anaposalimia mkubwa wake, fadhili imo mdomoni mwake bila yeye kujua.

Kihispania kilizaliwa na Kilatini, na huko ndiko mambo yanakuwa matamu. Kwa Kilatini neno ni merces, na maana yake ya kwanza si huruma hata kidogo. Ni ujira. Ni malipo ya kibarua, bei ya kazi iliyofanywa. Ni ndugu wa neno jingine la Kilatini lenye maana ya bidhaa, na kutoka ukoo huohuo Waingereza wamepata market, yaani soko, na merchant, mfanyabiashara. Wale wa Biblia ya Kilatini walilitumia neno hili pale mwenye shamba la mizabibu anapoamuru vibarua walipwe jioni, kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Walilitumia pia pale Bwana Yesu anaposema mfanyakazi anastahili malipo yake. Mtu aliyewahi kukata mkonge kule Mwatate na kungoja siku ya mshahara anaelewa merces bila kufundishwa Kilatini. (Na kwa kuwa tumetaja mkonge: neno sisal la Waingereza limetokana na bandari iitwayo Sisal, huko Yucatán, Meksiko, ambako nyuzi hizo zilikuwa zikisafirishwa. Kihispania hakiko mbali nasi kama tunavyodhani.)

Sasa ujira uligeukaje kuwa huruma? Wakristo wa karne za kwanza walilitumia neno hilo kwa malipo yanayotoka kwa Mungu, hasa malipo ya yule anayemsaidia mtu asiyeweza kumrudishia. Ukimlisha maskini, yeye hana cha kukulipa, basi atakulipa Mungu. Polepole neno likahama. Kutoka malipo likawa thawabu, kutoka thawabu likawa fadhili, na mwisho likaja kumaanisha kumsamehe na kumwachilia mtu uliye na uwezo wa kumwumiza. Wafaransa walilifanya merci, ambalo leo ni ahsante. Waingereza walilichukua kutoka Ufaransa zaidi ya miaka 800 iliyopita likawa mercy. Wahispania wakabaki na merced.

Jina Mercy kwa wasichana lilienea miongoni mwa Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17, waliopenda kuwaita watoto kwa fadhila: Grace, Faith, Prudence, Mercy. Kwetu lilikuja na Kiingereza, kupitia misheni na shule. Kwa hiyo mzee wetu aliyekataa Mercedes na kukubali Mercy alimfukuza mtu mlangoni akamkaribisha pacha wake dirishani.

BEI YA MATEKA

Hata hivyo, maana ya neno peke yake haitoshi kueleza kwa nini likawa jina la wanawake. Kwa hilo twende Barcelona, mji wa bandari huko Hispania, mwaka 1218.

Wakati ule bahari ya kati ilikuwa na vita na uharamia usiokwisha kati ya falme za Kikristo upande wa kaskazini na falme za Kiislamu upande wa kusini. Tuseme ukweli: pande zote mbili ziliteka watu. Mvuvi, mfanyabiashara, mwanamke aliyekwenda kuteka maji karibu na pwani, wote waliweza kukamatwa na kuuzwa. Tajiri alikombolewa na jamaa zake. Maskini alibaki hukohuko, akifanya kazi mpaka kufa.

Mtu mmoja aitwaye Petro Nolasco, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, alianza kukusanya pesa kwa ajili ya hao wasio na jamaa wa kuwakomboa. Mwaka 1218 yeye na wenzake wakaunda shirika, na mwaka 1235 Papa Gregori IX akalithibitisha. Likaitwa Shirika la Bikira Maria wa Mercede. Sasa mnaona kwa nini waliuchukua msamiati huu. Mercede kwao ilikuwa tendo la kutoa pesa mezani ili mateka afunguliwe. Ujira wa zamani, huruma mpya, vyote viwili vimo katika neno moja.

Wanavikundi watapenda kujua walivyofanya kazi, maana inafanana na kazi yenu kuliko mnavyofikiri. Walizunguka vijijini na mijini wakikusanya michango midogomidogo. Pesa zikitosha, waliwatuma wenzao kuvuka bahari wakiwa na fedha na bidhaa, wakaketi na wenye mateka na kupatana bei, kichwa kwa kichwa. Waliokombolewa walirudishwa kwao. Na zaidi ya nadhiri tatu za watawa wote, waliweka ya nne: kwamba pesa zikipungua na mateka yuko hatarini, mtawa atabaki yeye kama dhamana mpaka deni lilipwe. Sisi tunaodhaminiana mikopo tunajua uzito wa neno dhamana. Hebu fikirini mdhamini anayejiweka rehani mwili wake.

Hawakuwa peke yao. Watrinitari walioanza mwaka 1198 walifanya kazi hiyohiyo, na walikuwa na kanuni ya kutenga theluthi ya mapato yao kwa ajili ya mateka. Ndio waliomkomboa Miguel de Cervantes, yule mwandishi mkubwa wa Hispania, baada ya kukaa miaka 5 utumwani Algiers, kuanzia 1575 hadi 1580. Bila mfuko ule, dunia isingekipata kitabu chake cha Don Quixote.

Basi Wahispania walikuwa na desturi ya kuwapa wasichana majina ya Bikira Maria. Lakini Maria walikuwa wengi mno, hivyo wakawatofautisha kwa sifa zake: María de los Dolores, Maria wa Mateso, María del Rosario, Maria wa Rozari, María del Consuelo, Maria wa Faraja, na María de las Mercedes. Nyumbani Maria akaachwa, ikabaki sifa: Dolores, Rosario, Consuelo, Mercedes. Kwa mkato wanamwita Merche, na huko Amerika ya Kilatini Meche. Jina likapata nguvu zaidi mwaka 1878, wakati malkia kijana wa Hispania, María de las Mercedes, alipofariki miezi mitano tu baada ya harusi, akiwa na miaka 18. Watu walimlilia sana.

Sisi pia tunayo desturi hiyo ingawa hatujaiangalia vizuri. Hesabuni akina Consolata, Dolorosa, Assumpta na Immaculata waliomo katika vikundi vyetu. Consolata ni jina la Kiitaliano kutoka mji wa Torino, na lilikuja Kenya na wamisionari wa Konsolata mwaka 1902. Kimaana ni jirani wa yule Consuelo wa Hispania. Hakuna mzee aliyewahi kuuliza kama Consolata ni gari.

Na kama mtu atataka mtakatifu wa jina, yuko Mwenyeheri Mercedes wa Yesu Molina wa Ecuador, aliyewalea mayatima huko Guayaquil. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1985. Sikukuu ya Bikira Maria wa Mercede ni tarehe 24 Septemba. Huko Hispania yeye ndiye msimamizi wa magereza, jambo ambalo sisi tunaopita Manyani kila tukienda Nairobi tunaweza kulitafakari.

HUKU KWETU NAKO

Msidhani habari za kukomboa mateka ni za Wazungu na Waarabu wa mbali. Zimepita hapa. Misafara ya pembe na watumwa ilipita katika nchi hii kati ya pwani na Kilimanjaro, na Taveta ilikuwa kituo kikubwa cha kupumzikia na kununua chakula. Tena katika zile njaa kubwa za karne ya 19 kulikuwa na watu wa bara ya pwani waliowaweka watoto rehani kwa wenye nafaka, kwa matumaini ya kuwakomboa mvua ikinyesha. Wengine hawakukombolewa kamwe. Mwanjala ni jina tunalolisikia kila siku hapa Taita, na njala imo ndani yake. Majina yetu nayo ni kumbukumbu.

Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakaanza kukomboa watoto watumwa kwa pesa na kuwaweka katika kijiji cha watu huru. Ni mapadre wa shirika hilohilo waliokuja kufungua misheni ya Bura hapa kwetu mwaka 1892. Upande wa Waanglikana, mji wa Freretown ulianzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokamatwa kutoka majahazini na meli za Waingereza. Kengele yao ndiyo iliyowapa Kengeleni jina. Misheni ya Sagalla, hapo mlimani juu ya Voi, ilianza mwaka 1883 chini ya kanisa hilohilo.

Jambo lililotugusa zaidi ni la Rabai. Watumwa wengi waliotoroka kwa mabwana zao pwani walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, na mabwana wakaja juu wakitaka mali yao. Kulikuwa karibu kumwagike damu. Mwishowe George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akakubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hebu liangalieni jambo hilo kwa macho ya neno letu: bei imelipwa, mtu ameachiliwa, na mkononi ana karatasi yenye jina lake. Hiyo ndiyo mercede kamili, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Kuna wanaosema, na hata siku zile walisema, kwamba kununua uhuru wa mtu ni kumtajirisha mwizi. Ukilipa leo, kesho atateka wawili. Swali hilo lina uzito, na halikujibiwa vizuri kule Hispania wala Bagamoyo. Pia waliokombolewa hawakupata uhuru wote mara moja. Bagamoyo watoto waliishi chini ya ratiba kali ya kazi na sala, na wengi walipoteza majina waliyozaliwa nayo wakapewa mengine. Na Hispania hiyohiyo yenye Bikira wa Mercede iliendelea kuwa na watumwa Waafrika katika kisiwa cha Cuba hadi mwaka 1886. Hatuwezi kuyaficha haya. Lakini kwa maoni yetu, mama ambaye mwanawe yuko katika minyororo hawezi kungoja wakubwa wamalize mjadala. Anatafuta bei.

REHEMA

Tumrudie nyanya. Rehema limetoka Kiarabu, rahma, na limekaa pwani muda mrefu mno hata halihesabiwi tena kuwa la kigeni. Waislamu wana Rehema, Rahma na Rahima. Wakristo nao wana Rehema. Katika kikundi cha Voi chenye dini zote mbili, ni mojawapo ya majina machache ambayo huwezi kujua mwenyewe anasali Ijumaa au Jumapili mpaka umwulize.

Mzizi wake hauhusiani na ujira hata kidogo. Kiarabu kina rahim, tumbo la uzazi, kutoka mzizi huohuo wa rahma, na Kiebrania cha Agano la Kale kinayo maneno ndugu yenye uhusiano uleule. Kwa hiyo rehema ni ile hisia ya mama kwa aliyemzaa. Msilichanganye na rehani, ingawa masikio yanadanganya: rehani ni neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya kitu kilichowekwa dhamana.

Mnaona basi jinsi njia mbili zilivyokutana. Mmoja alianzia sokoni, kwenye pesa inayolipwa. Mwingine alianzia tumboni mwa mama. Wote wakafika mahali pamoja. Kama tungeulizwa tuchague, tungesema Rehema ni zuri zaidi kwa mtoto wa Voi, kwa sababu kila jirani ataelewa anapoliita, na nyanya ataona amerithiwa. Lakini hilo ni pendekezo letu tu, na kumpa mtoto jina ni kazi ya wazazi.

Kwa upande wa Kanisa hakuna kizuizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Haisemi lazima liwe jina la mtakatifu, wala la kizungu. Sheria ya zamani ya 1917 ndiyo iliyosisitiza jina la mtakatifu, na ndiyo maana wazee wetu wengi bado wanaishikilia. Mercedes linafaa, Mercy linafaa, Rehema linafaa. Majina yetu ya Kidawida na ya Kitaveta nayo yanafaa.

MAKARATASI SASA

Hapa ndipo tunaomba msikilize kwa makini, maana jina zuri lililoandikwa vibaya ni taabu. Tumeona mama mmoja ambaye ubatizoni ni Mercy, katika kitambulisho ni Rehema, na katika kitabu cha kikundi ameandikwa Mersi. Mumewe alipofariki, alienda ofisi moja kudai haki yake, akaambiwa huyo Mercy aliyetajwa na marehemu si yeye. Sisi tunajua majina hayo ni maana moja. Karani hajui, wala sheria haimruhusu kukisia. Mama alisafiri miezi, nauli juu ya nauli, na watoto wakakosa karo muhula mzima.

Kwa hiyo, mtoto akizaliwa, kubalianeni jina kabla ya karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kujazwa, iwe hospitalini au kwa naibu wa chifu kama amezaliwa nyumbani. Kuzaliwa kuandikishwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo mnaingia katika uandikishaji wa kuchelewa, ambao una masharti zaidi. Kama familia bado inavutana, msiache muda upite. Mwandikisheni mtoto kwanza. Sheria ya uandikishaji wa vizazi na vifo inamruhusu mzazi kuongeza au kubadilisha jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu alipoandikishwa, kwa kulipa ada na kuonyesha ushahidi.

Mkitaka yote mawili, yaandikwe yote mawili tangu mwanzo, na kwa mpangilio uleule kila mahali: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kitabu cha shule. Mercedes huandikwa na c moja na s moja mwishoni. Mercy ni kwa e. Mkiandika Marcy mmeandika jina jingine kabisa, ambalo asili yake ni Mars, mungu wa vita wa Warumi wa kale.

Mtu mzima ambaye tayari ana majina mawili katika makaratasi tofauti asingoje msiba. Aende kwa hakimu au kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, aape kwa maandishi kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na nakala aiweke pamoja na kitambulisho. Akitaka kuacha jina moja kabisa, wakili atamwandalia hati ya kubadili jina, ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hiyo ina gharama zaidi, na wengi hawaihitaji.

Makatibu wa vikundi, tunawaomba katika mkutano wenu ujao kila mwanachama alete kitambulisho chake, na mlinganishe jina na kitabu cha wanachama, kitabu cha akiba na orodha ya warithi, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti wekeni alama kwa kalamu nyekundu. Msisahihishe wenyewe, tutakapofika tutaketi na mwenye jina.